Jinsi ya Kuunganisha Kozi za Ualimu na Mazoezi ya Kufundisha: Mwongozo kwa Mwalimu Tarajali wa Dar es Salaam

Mwanachuo wa ualimu huwa na madaftari ya aina mbili. La kwanza lina mihadhara: saikolojia ya elimu, falsafa na historia ya elimu, ukuzaji wa mitaala, upimaji na tathmini, mbinu za kufundishia. La pili hufunguliwa wiki chache kabla ya mazoezi ya kufundisha, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita BTP, na mara nyingi huwa limejaa maandalio ya somo yaliyonakiliwa kwa haraka kutoka kwa mwenzake wa mwaka wa juu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na kwa misimu kadhaa nimepokea walimu tarajali kutoka vyuo mbalimbali. Kabla ya hapo nilikuwa mmoja wao. Ninayemwona akihangaika darasani ni nadra sana kuwa amekosa maarifa ya somo lake. Huwa anahangaika kwa sababu madaftari yake mawili hayajawahi kukutana.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyakutanisha, kuanzia muhula wa kwanza chuoni hadi siku ya kuaga shuleni.

Soma kozi zote ukiwa na mada moja mkononi

Katika wiki ya kwanza ya muhula, chukua muhtasari wa somo lako la kufundishia, ule unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, uchague mada moja ya kidato cha kwanza au cha pili. Hakikisha una muhtasari unaotumika sasa kwa kidato hicho, kwa sababu mitaala iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, na muhtasari wa kaka yako aliyemaliza chuo miaka michache iliyopita unaweza kukupeleka kusikokuwa. Mada hiyo uiandike kwenye jalada la ndani la kila daftari la kozi. Tuseme umechagua upatanisho wa kisarufi, yaani namna maneno mengine ya sentensi yanavyoifuata ngeli ya nomino. Kuanzia hapo, kila mhadhara unaouhudhuria uuulize swali moja: jambo hili linabadilisha nini katika namna nitakavyofundisha upatanisho?

Mhadhiri wa saikolojia anapoeleza wazo la mwanasaikolojia Vygotsky kwamba mtoto huweza kufanya kwa msaada kile ambacho bado hawezi kukifanya peke yake, andika pembeni ni msaada gani utakaoutoa: sentensi yenye pengo moja, au jozi ya sentensi za kulinganisha. Katika kozi ya upimaji utakutana na ngazi za ujifunzaji zilizopangwa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 kisha zikafanyiwa marekebisho mwaka 2001. Usikariri majina ya ngazi hizo na kuishia hapo, bali tunga swali moja la mada yako kwa kila ngazi. Utagundua kwamba maswali ya kukumbuka hutungika kwa dakika mbili, na swali la kuchambua huchukua jioni nzima. Ugumu huo ndio unaoeleza kwa nini mitihani mingi ya shuleni hujaa maswali ya "taja" na "orodhesha". Hata kozi ya falsafa ya elimu, ambayo wanachuo wengi huiona iko mbali na ubao, ina la kukuambia. Andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea lilitaka kila hatua ya elimu iwe imekamilika kwa huyo anayeishia hapo, badala ya kuwa maandalizi tu ya wachache wanaoendelea juu. Kwa hiyo jiulize: mwanafunzi atakayeishia kidato cha nne atatumia wapi hiki ninachomfundisha?

Faida ya kawaida nayo ipo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kozi nyingi, alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 hutokana na mtihani wa mwisho, na mwanachuo mwenye mfano wake mwenyewe alioishi nao muhula mzima hujibu swali la insha kwa uhakika kuliko aliyekariri makabrasha ya steshenari. Hata hofu ya supu, yaani mtihani wa marudio, hupungua.

Yatumie vizuri mazoezi ya kufundishana

Kabla ya kupelekwa shuleni, kozi za mbinu hukutaka ufundishe wenzako kwa dakika chache. Utaratibu huu ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kiini chake kilikuwa kurudia: fundisha kidogo, tazama ulivyofundisha, pokea maoni, kisha fundisha tena kilekile. Vyuoni kwetu, kwa sababu ya wingi wa wanachuo, hatua ya kurudia ndiyo inayoachwa, na bila hiyo zoezi zima hubaki kuwa la kujaza fomu. Ifanyeni wenyewe. Tafuteni chumba cha semina kilicho wazi jioni, muwe watano au sita, na mchanganye masomo, kwa kuwa mwanachuo wa Jiografia akifundishwa upatanisho wa kisarufi atauliza maswali ya kweli, ilhali mwenzako wa Kiswahili atajifanya hajui kisha atajibu kama mtu anayejua. Mmoja arekodi kwa simu.

Mtakapoitazama rekodi hiyo, pimeni jambo moja tu kwa mara ya kwanza: muda unaopita kati ya swali la mwalimu na neno lake linalofuata. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu wengi husubiri takribani sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani. Jizoeze kuhesabu moyoni hadi tano, ukiwa umetulia, bila kurudia swali na bila kumtazama yule anayejibu kila siku. Kati ya mambo yote niliyofundishwa chuoni, hili ndilo lililonifaa mapema zaidi, na halina gharama yoyote.

Kabla ya kuripoti

Mambo ya safari na malazi nayapitia kwa kifupi, ingawa yameharibu BTP za watu wenye uwezo. Jiji hili ni pana. Anayeishi Changanyikeni akapangiwa shule ya Chanika hawezi kuwa shuleni kabla ya namba ya asubuhi kwa wiki zote, hata akiamka usiku. Ni heri apange chumba karibu na shule, ashirikiane kodi na mwenzake, kuliko kuimalizia fedha ya mafunzo kwa vitendo kwenye nauli za daladala. Nenda shuleni siku chache kabla ya tarehe ya kuripoti, ujitambulishe kwa mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma, uombe ratiba, muhtasari, kitabu cha kiada na azimio la kazi la mwalimu wa somo, yaani mpango wake wa mada na muda wa kuzifundisha. Mwulize amefikia wapi, na zaidi ya hapo mwulize wanafunzi wamekwama wapi. Vaa nguo za heshima zisizokubana, kwa maana utasimama na kuinuka ubaoni mchana kutwa kwenye joto.

Wasalimie walimu wote, pamoja na mpishi na mlinzi. Walimu wakongwe waamkie shikamoo bila kusubiri kutambulishwa. Mwalimu tarajali anayekaa peke yake pembeni ya ofisi akichezea simu hujinyima chuo cha pili, kwani nusu ya ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyasikia kwenye meza ya chai ya saa nne.

Andalio la somo

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Andalio ni karatasi inayokutanisha yale madaftari mawili, na ukilijaza kama fomu ya serikali halitakusaidia chochote. Muundo wake hubadilika kadiri mtaala unavyobadilika, kwa hiyo omba kwa mwalimu wa taaluma mfano unaotumika shuleni sasa. Lakini kiini hakibadiliki. Lina sehemu ya taarifa za darasa, umahiri unaokusudiwa, shughuli, zana na rejea, kisha jedwali la hatua lenye muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi na upimaji, na mwisho nafasi ya tathmini.

Jedwali hilo lijaze kinyumenyume. Anza na safu ya upimaji: mwishoni mwa kipindi mwanafunzi atafanya nini kitakachokuonyesha kwamba amejifunza? Kisha andika kazi ya mwanafunzi itakayomfikisha hapo. Kazi ya mwalimu iandikwe mwisho. Ukianza na kazi ya mwalimu utajikuta umeandika "kueleza, kufafanua, kutoa mifano" kila hatua, na safu ya mwanafunzi itajaa "kusikiliza na kuandika".

Nilifanya kosa hilo katika kipindi changu cha kwanza kabisa. Nilitaka kufundisha ngeli zote za nomino kwa dakika 40. Nilichora jedwali kubwa ubaoni, likajaa kutoka ukingo hadi ukingo, wanafunzi wakanakili kwa utulivu mkubwa, nami nikadhani utulivu ule ni uelewa. Kwenye nafasi ya tathmini niliandika "somo limeeleweka vizuri". Wiki iliyofuata nikatoa jaribio lenye sentensi kumi za kusahihisha, na sehemu kubwa ya darasa haikuweza kusahihisha hata tatu, ingawa jedwali walikuwa nalo kwenye madaftari, limepigwa mstari kwa rula na wino mwekundu.

Miaka mingi baadaye nilikaa dawati la nyuma nikimtazama mwalimu tarajali mmoja, binti mpole wa mwaka wa pili, akifundisha mada hiyohiyo kidato cha kwanza. Aliandika ubaoni sentensi mbili tu: "Gari yangu imeharibika" na "Gari langu limeharibika". Akauliza ni ipi wanayoisikia zaidi kituoni. Darasa zima likasema ya kwanza. Hakuwaambia kwamba ni kosa. Aliwapa kila dawati kipande cha karatasi chenye maneno manne, jicho, jino, shati na gari, akawataka wayaweke kwenye sentensi kwa umoja na kwa wingi, kisha waseme wanaona nini. Alisubiri. Kelele ilipanda, nami nilianza kuwa na wasiwasi kwamba kipindi kinamponyoka. Ndipo kijana mmoja wa safu ya dirishani akasimama na kusema: "Mwalimu, hakuna anayesema jicho yangu. Na magari yako kama macho. Basi gari liko na jicho." Yule binti alimwomba arudie maneno yake taratibu, akayaandika ubaoni kama yalivyotamkwa, na kutoka hapo akawaongoza kuitambua ngeli ya LI-YA. Kipindi kilibeba ngeli moja. Jaribio la wiki iliyofuata nililisahihisha mimi, na wengi wao waliweza kusahihisha hata sentensi zenye maneno ambayo hayakutajwa darasani.

Kwa hiyo katika andalio lako andika lengo moja kwa kipindi kimoja, na lengo hilo liwe na kitenzi kinachoonekana: kusahihisha, kutofautisha, kutunga, kupima, kuchora. Kitenzi "kuelewa" hakipimiki kwa macho. Tafuta mfano mmoja unaotoka katika maisha ya wanafunzi hao, wa Mbagala au wa Tandale, na uufikirie usiku uliotangulia mpaka ujue ni majibu gani ya makosa yatakayotokea na utayapokea vipi. Nukuu za somo ziandike kwa mkono wako mwenyewe. Zana zisiwe nyingi; karatasi moja ya manila iliyoandikwa kwa herufi za kusomeka kutoka dawati la mwisho inashinda nne zilizojaa maandishi madogo. Kabla ya kipindi, ukipata nafasi, ingia darasani likiwa tupu, andika neno moja ubaoni, kisha nenda ukakae nyuma kabisa, upande wa dirisha linaloingiza jua. Kama huwezi kulisoma, na mtoto hatalisoma.

Darasa kubwa

Ukikutana na darasa la wanafunzi 70, fanya hesabu hii mapema: dakika 40 zikigawanywa sawa, kila mmoja anapata sekunde 34. Hakuna mwalimu anayeweza kuwahudumia wote mmojammoja kwa muda huo, hivyo kazi lazima ipitie kwa wanafunzi wenyewe. Usipoteze dakika kumi kuhamisha madawati. Waambie walioko safu ya kwanza wageukie ya pili, wa tatu wageukie ya nne, na vikundi vinakuwa tayari. Wape swali lenye jibu moja la kuandika na muda unaojulikana. Kila kikundi kiwe na karatasi moja tu, ili walazimike kukubaliana.

Madaftari nayo yana hesabu yake. Ukitoa maswali kumi kwa wanafunzi 70 umejitwika majibu 700, na utasahihisha kwa kuweka vema bila kusoma. Toa maswali mawili, usahihishe safu mbili kwa siku, na uandike maneno machache kwenye kila daftari. Mtoto hulitafuta neno hilo pindi tu daftari linaporudi mikononi mwake.

Kuhusu nidhamu, nasema kwa uzito wote: usishike fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinaiweka adhabu ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, zikaiwekea ukomo wa viboko vinne na kutaka iandikwe kwenye kumbukumbu. Mwalimu tarajali hana nafasi hapo, hata mwenyeji wako akikukabidhi fimbo kwa nia njema. Jifunze majina. Chora ramani ya darasa siku ya kwanza, uandike jina kwenye kila dawati, ukariri safu moja kila jioni. Mwanafunzi anayepiga kelele akiitwa kwa jina lake, kwa sauti ya chini, na mwalimu aliyesogea karibu yake, hutulia mara nyingi kuliko anayefokewa kutoka mbele.

Suala la lugha

Kama somo lako si Kiswahili, kwa masomo mengi utafundisha kwa Kiingereza wanafunzi ambao wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kwa kidato cha kwanza hili ni kizuizi cha kweli, na mtoto anayenyamaza katika kipindi cha Baiolojia huenda anajua jibu ila hana maneno ya kulisemea. Katika kila andalio, orodhesha maneno matano au sita mapya ya kipindi hicho. Yaandike upande mmoja wa ubao kabla hujaanza, yatamkeni pamoja, na yaache yabaki hapo hadi mwisho. Ruhusu wanafunzi wajadiliane katika kikundi kwa lugha wanayofikiria nayo, kisha uwasaidie kuunda jibu la pamoja kwa Kiingereza kwa kuwapa mwanzo wa sentensi. Kitu cha kuepuka ni kueleza kipindi kizima kwa Kiswahili na kuacha nukuu za Kiingereza ubaoni, kwa maana mtihani utamkuta mtoto na nukuu tupu.

Msimamizi anapokuja

Msimamizi kutoka chuoni anaweza kufika bila taarifa. Weka jalada moja lenye azimio la kazi, maandalio yaliyopangwa kwa tarehe, nukuu za somo na karatasi za majaribio, na utembee nalo kila siku. Mpe nakala ya andalio na kiti cha nyuma, kisha endelea na wanafunzi wako. Mwalimu anayemtazama msimamizi kila baada ya sentensi huwapotezea wanafunzi somo, naye msimamizi huliona hilo haraka. Usiwaandae wanafunzi kwa maswali waliyokwisha kujibu jana. Nimewahi kukaa na wasimamizi baada ya vipindi vya namna hiyo, na jambo linalowakera kuliko somo lililoyumba ni somo lililoigizwa. Mazungumzo ya baadaye yaandike neno kwa neno siku hiyohiyo, hata yale yaliyokuuma, na uchague moja la kurekebisha katika kipindi kinachofuata.

Tathmini ya jioni na makabidhiano

Nafasi ya tathmini kwenye andalio ni finyu, kwa hiyo uwe na daftari dogo la pembeni. Kila jioni andika mistari mitano: nilitaka wafanye nini, walifanya nini, ni wangapi, kosa gani lilijirudia, na kesho nitabadilisha nini. Andika idadi na maneno halisi ya wanafunzi. "Somo lilikwenda vizuri" haitakusaidia, ila "18 kati ya 64 waliandika nyumba langu" itakusaidia kesho asubuhi, na itakusaidia tena utakaporudi chuoni kwenye kozi ya upimaji, ambapo utakuwa na takwimu zako mwenyewe za kufanyia kazi.

Katika wiki ya mwisho, maliza kusahihisha kila kitu ulichokusanya, rudisha vitabu vya kiada ulivyoazima, jaza alama kwenye kitabu cha shule, na uhakikishe fomu zako zimesainiwa na kugongwa mhuri kabla mkuu wa shule hajasafiri. Kisha kaa na mwalimu wa somo kwa nusu saa ukiwa na azimio la kazi. Mwonyeshe mada uliyoishia, na utie alama kwa penseli kwenye mada ulizofundisha ambazo darasa bado halijazishika, pamoja na majina ya wanafunzi watatu au wanne unaodhani wanahitaji kufuatiliwa. Mara nyingi mwalimu huyo atakuwa amerudishiwa darasa bila kuambiwa chochote, na karatasi hiyo ndiyo atakayoanza nayo Jumatatu.